Mtani Mnyang'anya Vibuyu

Nilipanda treni Dar es Salaam mchana wa jua kali, daraja la tatu, nikiwa na sanduku la bati, godoro la sufi lililofungwa kwa kamba, na barua ya kupangiwa kazi niliyoikunja ndani ya soksi. Mama yangu alikuwa ameniambia kwamba wezi wa treni huwavua watu koti, kofia na hata mkanda, lakini soksi ya Mzaramo hawana haja nayo. Morogoro tulifika jua likizama. Dodoma niliipita usingizini. Kulipopambazuka tulikuwa Manyoni, midomo imekauka kwa vumbi, na baada ya Itigi ikaanza misitu ya miyombo isiyo na mwisho, miti na miti tena, mizinga ya nyuki imelazwa juu ya matawi kama mizigo iliyosahauliwa na wapagazi wa zamani.

Mama mmoja aliyekaa mbele yangu na kikapu cha kuku aliniuliza ninakwenda wapi.

"Tabora, mama. Kazini."

"Kazi gani, mwanangu?"

"Ya afya."

Alikivuta kikapu chake karibu na miguu. "Afya ya vyoo?"

"Ya vyoo na mengineyo."

Hakusema nami tena mpaka aliposhuka Goweko. Hata kwaheri hakuniaga. Nilidhani amechoka na safari. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba pale ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa, kwa sababu mmenipa kuku na kanga ya kumpelekea mama yangu siku ya kuagwa, na mmoja wenu akaniomba niseme "siri ya kukubalika na wananchi". Siri hiyo sina. Wananchi hawakunikubali. Walinizoea, na hilo ni jambo jingine. Ya vyeo sitayasema. Nilianza na baiskeli nikamaliza na baiskeli, na goti hili linalonistaafisha kabla ya umri ndilo cheo changu.

Kabla ya Tabora nilikuwa mtu wa kutotulia. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa karani wa mkonge Ngerengere, nikaacha. Nikawa muuzaji katika duka la mtu Kilosa, nikaacha. Nikasomea afya kwa sababu niliambiwa mtu wa afya huhamishwa mara kwa mara, na mimi kuhamishwa ndicho nilichokitaka. Nilijipangia Tabora mwaka mmoja, kisha Kigoma, kisha mbele kwa mbele.

Mjini nilipanga chumba Mtendeni, kwa Bi Zuhura, mjane wa fundi cherehani, ambaye ukoo wake ulikuwapo hapo tangu enzi za misafara. Asubuhi ya kwanza alinipa chai ya tangawizi na onyo. "Hapa kwetu, baba, kila mtu anajua habari zako ila wewe mwenyewe. Ukitaka kukaa salama, usiulize watu maswali."

"Lakini kazi yangu ni kuuliza maswali, Bi mkubwa."

"Basi pole sana," akasema, akaniongezea chai.

Alisema kweli. Siku hizo watu wote wa afya tuliitwa Bwana Afya, awe mpima nyama machinjioni au mpulizia dawa ya mbu. Na Bwana Afya aliyenitangulia alikuwa na mazoea ya kuwapeleka mahakamani watu wasiochimba vyoo. Mimi sikuwa na mamlaka hayo wala hamu yake. Nilikuwa nimepewa afya ya akina mama na watoto, kazi ambayo wanaume wenzangu wawili walikuwa wameikimbia. Lakini nguo ya kaki ilikuwa ile ile, na baiskeli ilikuwa ile ile, na mbwa wa vijijini walikuwa na kumbukumbu nzuri.

Mwalimu wangu wa kweli alikuwa Mama Perpetua, nesi mkunga wa zahanati moja upande wa Goweko. Alizaliwa Lusu huko Nzega, mwanamke mnene, mpole wa sauti, anayetembea na mwavuli kiangazi na masika. Siku ya kwanza aliniweka kwenye benchi la nje akaniambia nitazame tu, nisiguse kitu. Nikatazama mpaka mchana. Kisha akaniuliza nimeona nini.

"Nimeona akina mama wengi."

"Hujaona kitu. Kesho rudi utazame tena."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Kwamba unapoingia nyumbani kwa mjamzito, unakaa chini kuliko yeye. Kwamba huulizi "unakunywa pombe?" kwa sababu hilo ni swali la polisi, unauliza "jana mlikula nini?" na kama hakuna chakula katika jibu, pombe ipo. Kwamba unasalimia wakubwa wote wa nyumba kabla ya kufungua mkoba, "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" jua likipinduka, hata kama salamu itajibiwa na mgongo. Alinifundisha pia kutumia kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, upande mpana kwenye tumbo la mama na upande mwembamba sikioni. Kipembe hicho kilikuwa na sifa mbaya. Wengine walisema kinanyonya. Kinanyonya nini, hakuna aliyekubali kunieleza.

Habari ya pombe na mimba nilisikia kwa Mama Perpetua kwanza. Chuoni hatukufundishwa. Daktari mmoja aliyepita kutukagua alimcheka waziwazi, akasema bibi zetu wote walikunywa na sisi tupo. Mama Perpetua hakubishana. Daktari alipoondoka aliniambia, "Mimi sijui kwa nini. Ninajua nyumba. Nyumba zinazopika moshi nimezalisha watoto wadogo, wasiojua kunyonya, wanaochelewa kutembea, na wengine wasiofika huko. Si wote. Lakini nyumba ni zile zile." Moshi ndiyo gongo ya huko, ile pombe kali ya kukenekwa. Nasikia sasa vitabu vimeanza kusema aliyoyasema. Vimechelewa kidogo.

Vijiji vilipohamishwa, watu waliokuwa wametawanyika msituni kila mmoja na mizinga yake waliletwa pamoja wakapangwa kwa mistari, nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Kijiji nilichopewa kilikuwa kipya, mwendo mzuri wa baiskeli kutoka stesheni ya Goweko. Kilikuwa na jina la serikali lenye maana ya umoja. Wenyewe walikiita Tumetupwa.

Mkutano wangu wa kwanza nilihutubia kwa moyo wangu wote. Nilisema pombe inamdhuru mtoto aliye tumboni. Akina mama walipiga makofi. Balozi alinishukuru. Nikarudi zahanati nikipiga mluzi, nikamwambia Mama Perpetua kwamba kazi imekwisha.

Kwenye mzunguko uliofuata niliwakuta wajawazito wameacha pombe ya mtama kweli, wanakunywa wanzuki. Wanzuki hutengenezwa kwa asali, na asali, kama kila mtu wa Tabora ajuavyo, ni dawa. Bwana Afya amekataza nafaka, nafaka imeachwa, dawa hajakataza. Mama mmoja alinionyesha kwa fahari jinsi alivyoongeza kipimo. Mama Perpetua aliposikia alifungua mwavuli ndani ya nyumba ili nisione anavyocheka.

Katika kijiji hicho alikuwapo Kalunde.

Kalunde alikuwa mke wa Maganga, mkulima wa tumbaku. Alikuwa na mikono mizuri ya kazi na sura ya mtu anayesikiliza mlango. Alikuwa amezaa mara mbili. Wa kwanza alizaliwa amekufa. Wa pili alizaliwa mdogo sana, akaishi muda mfupi bila kujua kunyonya. Nyumba yao ndiyo iliyopika moshi mzuri kuliko yote ya upande ule, na Kalunde ndiye aliyepika, na mpishi wa moshi huonja. Mama Perpetua aliniambia kwa sauti ya chini, "Yule ana mimba tena. Hajasema. Nimeona anavyoinama. Huyu akimpoteza na wa tatu, Maganga atatafuta mke mwingine, na Kalunde hatarudi kwao. Atabaki na chupa. Nenda, lakini usiharibu."

Nilikwenda. Nikakaa chini kuliko yeye. Nikauliza jana walikula nini.

"Kwani ulikuwa umealikwa?" Kalunde akajibu.

Maganga alitokea nyuma ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, akasimama ananitazama na mkoba wangu. "Bwana Afya, wewe ni mwanamume kama mimi. Mwanamume anayezunguka kuulizia matumbo ya wake za watu, kwao wanamwitaje?"

Nyuma ya bani nilikuwa nimeuona mtambo wao: mapipa, mtungi, bomba la shaba. Nikajifanya sikuuona. Mama yake Maganga, Bibi Nyanzala, kikongwe mkavu mwenye kikopo cha ugoro kiunoni, alikuwa ameketi kizingitini. Yeye aliona kwamba nimeuona.

Siku chache baadaye mgambo walikuja na lori. Walipasua mapipa, wakachukua bomba, wakamchukua na Maganga akakaa rumande mpaka walipotosheka.

Niliporudi, hakuna mtu aliyejibu salamu. Bibi Nyanzala alikuwa akiongea na wanawake kisimani, na hakupunguza sauti. "Alikuja akanusa. Akaondoka. Lori likaja. Mnataka nimalizie nini tena?"

"Bibi, shikamoo. Si mimi."

"Mwizi gani aliyesema ni mimi?" akajibu, na marahaba hakunipa.

Kliniki ya wiki hiyo hakuja hata mjamzito mmoja, wala iliyofuata. Mama Perpetua alikaa na mizani yake na vidonge vyake vya damu akisubiri, mwavuli magotini. Hilo ndilo ninalotaka mlikumbuke, enyi mnaopenda kuita mgambo: ukimvunjia mwanamke mtungi, hujamvunjia kiu. Kalunde alihamia kunywa kwenye nyumba za watu, kwa kujificha, vitu asivyovijua vimepikwa na nani. Tumbo lilikuwa likikua, na sisi tuliotaka kulisaidia ndio aliotukimbia.

Na mimi nilianza kushuku. Nilimshuku balozi, kwa sababu alinishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida. Nilimshuku dereva wa lori la ushirika. Nilimshuku Bi Zuhura, ambaye nilikuwa nimemsimulia kidogo wakati wa chai. Mwisho nilimshuku Mama Perpetua mwenyewe, na nikamuuliza.

Hakukasirika. "Ningekuwa mimi," akasema, "ningewapeleka mgambo kwa mwanamke ninayetaka aje kwangu? Fikiri kwa kichwa, si kwa tumbo."

"Basi nitaomba uhamisho. Kazi hapa imekufa."

"Omba. Wote watasema: mmeona, amekimbia."

Barua ya uhamisho sikuiandika. Nilikuwa nimehama sehemu nyingi bila sababu; pale nilipata sababu nikashindwa kuhama. Mtu akikushuku, kuondoka ni kukiri.

Tukarudi mwanzo, benchi lile lile, kutazama. Mama Perpetua ndiye aliyeniambia kile ambacho mimi wa pwani nisingekiona. Kijijini kazi kubwa hufanywa kwa ujima. Mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja kulima, kibuyu kinazunguka. Mwanamke akipitisha kibuyu bila kunywa, wenzake wanageuka wanamtazama tumbo. Na mimba changa haitangazwi. Ikitangazwa mapema inaingiliwa na macho ya watu, na Kalunde aliyepoteza wawili alikuwa na sababu ya kuogopa macho kuliko mwingine yeyote. "Kwa hiyo wanakunywa," akasema Mama Perpetua, "ili isijulikane. Yeye ni mnywaji, sawa. Lakini hata asiye mnywaji anakunywa miezi ile ya mwanzo, ili kuficha. Sasa wewe unasimama mkutanoni unasema wajawazito waache. Ni nani atakayeacha mbele ya watu?"

"Basi waache wote."

"Kwa amri ya nani? Yako?"

Kisha akanitazama kama mtu aliyeona shati lililokuwa limepotea. "Wewe ni Mzaramo."

"Ndiyo, mama."

"Hawa ni watani wako. Na wewe umekuwa ukiwasalimia kama karani wa mahakama."

Nyinyi wa sasa mnaufahamu utani kwa kuusikia tu. Wanyamwezi walipita kwetu miaka na miaka wakibeba pembe kwenda pwani, na sisi tuliwatoza hongo ya njia na maji. Katika kutozana huko kukazaliwa utani: Mzaramo anaweza kumtukana Mnyamwezi, kumzuilia maiti kaburini mpaka alipwe, kumnyang'anya alichoshika mkononi, na Mnyamwezi haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake. Naye atalipiza atakapoweza.

Maganga alikuwa ametoka rumande na shamba lake lilikuwa nyuma. Akaitisha ujima. Mimi nilikwenda bila kuitwa, bila kaki, na jembe begani. Mama Perpetua alikuwa amezungumza na wanawake wawili wa jirani aliowazalisha, nao wakatenga mtungi mkubwa wa togwa, uliotolewa siku ya kwanza kimea kilipotiwa, kabla haujachachuka kuwa pombe.

Nililima mpaka viganja vikavimba. Hakuna aliyesema nami. Watu walipoketi kunywa, wanaume huku na wanawake kule, Maganga akasema kwa sauti ya kila mtu, "Mzaramo! Umekuja kunusa tena?"

Nikasema, "Nimekuja kudai hongo ya babu zangu. Mlipita kwetu na pembe mkanywa visima vyote, mkaondoka."

Mzee mmoja akacheka puani.

Maganga alinikazia macho. Nilimwona anachagua. "Kuondoka?" akasema mwishowe. "Mlimvua babu yangu mpaka shuka! Alifika pwani amejifunika jani la mgomba!"

"Jani lenyewe lilikuwa la shamba letu. Nalo nalidai."

Wakacheka, hata wale wasiotaka. Nikainuka nikaenda upande wa wanawake, nikamnyang'anya kibuyu wa kwanza, mama mwenye wajukuu. "Hiki changu." Nikamnyang'anya wa pili. "Na hiki." Sikumpita hata mmoja, mzee kwa kijana.

"Mwizi wa pwani huyo! Mkamateni!"

"Mzaramo, tumbo lako pipa?"

"Atakufa huyu, na sisi watani wake ndio tutakaomzika! Tutamzika bila sanda!"

Kalunde alikuwa amekishika kibuyu chake kwa mikono miwili. Nilipokifikia hakukiachia. Tulivutana. Nikaona macho yake, nikaona kwamba kwake huu si utani, na wenzake walianza kunyamaza mmoja mmoja. Hapo ndipo tungeharibu kila kitu.

Bibi Nyanzala akasimama. Nilijua sasa nitatukanwa tusi ambalo si la utani. Badala yake alininyooshea kibuyu chake mwenyewe, kimejaa. "Chukua na changu, mtani. Usiwe mwizi wa kubagua." Kisha kwa mkwewe: "Na wewe mpe. Unataka tuaibishwe na Mzaramo kwamba tumekasirika?"

Kalunde akaachia. Wale wanawake wawili wakaleta togwa, wote wakanywa togwa, wakinilaani kwa furaha. Tangu siku hiyo ikawa desturi: ujima wowote, Mzaramo akiwapo au hayupo, vibuyu vya wanawake "vimeibiwa na mtani", na mtungi wa togwa unatolewa. Haikujulikana nani ana mimba na nani hana. Ndiyo kazi yote niliyoifanya katika maisha yangu, ukitaka kuipima.

Lakini nilirudi zahanati nikiwaza. Kwa nini yule bibi amenisaidia? Mtu aliyenitangaza kisimani! Nilidhani ananichimbia shimo refu zaidi.

Kalunde alikuja kwa Mama Perpetua baada ya hapo, kwa mlango wa nyuma. Alinikuta mimi kwanza.

"Nani alikwambia nina mimba?"

"Hakuna."

"Muongo."

"Mimi mtani wako, siapi."

Alinionyesha mikono. "Asubuhi inatetemeka hivi. Siwezi kushika hata kijiko. Wewe unadhani ni kunyang'anya tu?"

Hapana, haikuwa kunyang'anya tu. Mama Perpetua alikataa kabisa aache kwa siku moja. Alikuwa ameona mtu akidondoka kifafa kwa kukatizwa hivyo. Alimpunguzia kidogo kidogo, akimlaza zahanati siku zilizokuwa ngumu. Uji wa karanga kabla ya kitu chochote. Maji. Vidonge vya damu. Na asikae peke yake. Wale majirani wawili walikwenda naye kisimani na kutafuta kuni, wakipiga soga, bila kutaja pombe hata mara moja. Hiyo ilikuwa amri ya Mama Perpetua. Bibi Nyanzala alihamishia mkeka wake mlangoni kwa mkwewe, akalala hapo kama mbwa, akisema kwake panavuja. Kiangazi hicho hakuna nyumba iliyokuwa ikivuja.

Tumbaku ilipouzwa, fedha zikaingia kijijini na moshi ukarudi. Kalunde alishinda siku mbili tatu akihangaika, kisha akatoroka akanywa. Walimkuta ameanguka nyuma ya bani. Walimleta zahanati juu ya machela ya magunia, Maganga mbele, na akina mama nyuma.

Mama Perpetua alipiga magoti na kile kipembe cha mbao. Akasikiliza upande huu. Akahama. Akasikiliza tena. Nje Maganga alikuwa akisema na mimi bila kunitazama, "Anasikiliza nini mama huyu muda wote? Kama hakuna, aseme hakuna." Hakuna aliyekitilia shaka kipembe siku hiyo. Wote walikitazama kama mlango wa hakimu.

"Yupo," Mama Perpetua akasema. "Amekasirika, lakini yupo."

Kalunde alianza kulia, na alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Kesho yake Mama Perpetua hakumkaripia. Alianza naye upya, uji wa karanga, kidogo kidogo, kana kwamba hajaanguka. Nilimuuliza kwa nini hasemi neno. "Atakuwa amejisema mwenyewe," akanijibu. "Nikimwongezea la kwangu hatarudi."

Alijifungua masika, mchana, mvua ikipiga bati kiasi kwamba hatukusikia mtoto alipolia. Tulimwona tu amefungua mdomo. Msichana. Alikuwa mdogo, mizani haikufurahi, lakini alipowekwa kifuani alinyonya kama aliyekuwa na deni la kudai. Walimwita Kabula, jina la waliozaliwa wakati wa mvua. Alichelewa kidogo kutembea. Alitembea.

Baada ya hapo niliupeleka utani wa vibuyu vijiji vingine, na si kote ulikofaa. Upande wa Igunga nilimnyang'anya mama mmoja ambaye kwao hawatambui utani wowote na Wazaramo. Alinipiga mwiko wa ugali, na alikuwa na haki. Jifunzeni kwanza mko kwa nani. Huko tulitumia njia nyingine, na nyingine hazikuzaa kitu. Wapo akina mama waliokunywa mpaka mwisho na watoto wao nawajua kwa majina. Tumetupwa nako hawakuacha kunishuku. Kila mgambo walipopita, hata kwa jambo la mbuzi, macho yalinigeukia. Wakati mwingine nilinyang'anya vibuyu huku nikisikia nyuma yangu: "Cheka naye, lakini ficha mtungi." Miaka yote hiyo niliendelea kujiuliza nani aliita lile lori, na kila aliyenikaribisha vizuri nilimwongeza kwenye washukiwa wangu.

Siku nilipoondoka kabisa, goti likiwa limefungwa bandeji, watu wa Tumetupwa walinisindikiza hadi stesheni ya Goweko. Walinivua kofia njiani, wakaniuzia tena kofia hiyo hiyo kwa sukari. Watani hawaagani bure. Bibi Nyanzala, aliyekuwa sasa amezeeka mno, aliletwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Treni ilikuwa imechelewa, kama ilivyo kawaida yake. Alinivuta kando, tukakaa juu ya mizigo yangu.

"Yule aliyekwenda kwa mgambo," akasema, akijipakulia ugoro, "ni mimi."

Nikamgeukia.

"Nilikwenda kwa miguu. Nilikuwa nimezika wajukuu wawili. Nilitaka ule mtungi utoke nyumbani kwangu. Sikujua watamchukua na mwanangu." Akapiga chafya. "Wala sikujua kwamba atakwenda kunywa kwa watu. Ilibaki kidogo nimzike na wa tatu."

"Na mimi ukanisingizia, bibi."

"Sasa ningemsingizia nani? Balozi ana watoto hapa. Nesi ndiye wa kutuzalisha. Wewe ulikuwa mpita njia, miguu haitulii, kila mtu aliona. Nikasema, huyu kabla ya masika ataondoka, na maneno yataondoka naye." Alinitazama kwa hasira ya kweli. "Nani alijua utakaa!"

"Kalunde anajua?"

"Hajui. Na ukimwambia nitasema umenisingizia. Watamwamini nani, mimi au Mzaramo?"

Treni ilikuwa imeanza kusikika upande wa Tabora. Nilipanda, nikaketi dirishani. Kalunde alisogea na chupa ya asali ya safari, Kabula amemshika kanga, amevaa sare ya shule.

"Mama alikuwa anakwambia nini muda wote huo?"

"Ananitania," nikasema.

Bibi Nyanzala alicheka peke yake kule kwenye mkokoteni. Kalunde hakucheka. Alimtazama mama mkwe wake, akanitazama mimi, akamtazama tena mama mkwe wake, na treni ikaanza kutembea kabla hajauliza swali la pili.